Jemadari Aliyezikwa Ndani ya Kiberiti

Kosa ninalokusudia kulianika hapa ni kumkasirikia mtani. Nimesoma vitabu vingi vya maadili, na humo nimekuta sura ndefu juu ya ulevi, wizi, uvivu na usengenyaji. Sijakuta hata ukurasa mmoja juu ya kosa hili. Huenda waandishi wake hawakuwa na watani. Mimi nilikuwa naye, na nilimkasirikia mbele ya ua mzima wa watu nikiwa nimeshika daftari la sheria mkononi. Kisheria nilikuwa na haki, na hilo ndilo lililozidisha ubaya wa jambo.

Nilikuwa mwalimu wa historia, kijana bado, katika ile miaka ya Ujamaa ambayo watu waliitana ndugu na kupanga foleni kwa ajili ya sabuni. Nilipanga chumba Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita iliyokuwa mitaa michache kutoka sokoni: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na nyuma ua wenye bomba moja, mpapai mmoja, na kuku wasiokuwa na adabu yoyote. Mimi ni Mngoni wa Songea. Katika chumba kilichotazamana na changu aliishi fundi viatu, Mhehe wa Iringa, aliyenizidi umri kwa miaka mitano au sita.

Kwa wasiofahamu, nieleze. Babu zetu sisi na babu zao walipigana vita vikali, hakuna aliyemshinda mwenzake, wakachoka, na uadui wao ukageuka utani. Tangu hapo Mhehe ana ruhusa ya kuninyang'anya kofia barabarani, kunikashifu mbele ya wageni wangu, na nikifiwa, kuingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Nami ninayo ruhusa hiyohiyo kwake. Sharti ni moja: anayekasirika ndiye mkosaji, na mkosaji hulipa faini.

Basi kila asubuhi, tulipokutana bombani, yeye akinisimanga kwa panya ambao Wangoni tunasemwa kuwala, nami kwa mbwa ambao Wahehe wanasemwa kuwala, ilikuwa hivi:

"Mwalimu, umeamkaje? Panya wa jana alikolea chumvi?"

"Alikolea, fundi. Nilimtafuta mbwa wako nimpe mifupa, nikakumbuka kwamba ulishamla."

Na kila nilipompelekea viatu vyangu avitie soli, vilirudi na mbegu moja ya boga imefichwa kwenye ncha, mahali ambapo kidole gumba kingeikuta nikiwa tayari nimesimama mbele ya darasa. Nilimtukana kimoyomoyo huku nikifundisha. Sikujua kwamba nilikuwa mtu mwenye bahati.

Sasa niingie katika mchezo uliotukosanisha, mchezo wa vita vya mezani. Niliujifunza nilipokuwa seminari. Padri mmoja mzee alikuwa na sanduku la askari wadogo wa bati, kila mmoja urefu wa kidole gumba, na Jumapili alivipigana upya vita vyote vya Ulaya juu ya meza ya chakula, kwa rula na dadu, huku sisi wenye nidhamu tukiruhusiwa kurusha dadu kwa niaba ya walioshindwa. Nilipokuwa mwalimu niliona ni aibu kwamba vita vya watu wa Ulaya vina meza na vyetu havina. Nikaamua kuanzisha mashindano pale uani, ili majirani waijue historia yao kwa macho. Nia ilikuwa njema. Niliandika sheria, vifungu arobaini na vitatu, kwa wino wa buluu, na vichwa vya habari kwa wino mwekundu.

Majeshi aliyatengeneza fundi. Alikata askari kutoka soli za kandambili zilizochakaa, kwa kile kisu chake kifupi, kwa ustadi ambao hadi leo nauonea wivu. Mikuki ilikuwa njiti za kiberiti. Ngao za Wangoni zilikuwa mbegu za maboga, zilizobandikwa kwa gundi ya viatu. Jemadari wangu alimtengeneza kwa uangalifu wa pekee: alikuwa mrefu kuliko wenzake, na kichwani alibeba unyoya wa kifuani mwa jogoo. Uwanja wa vita ulikuwa milango miwili iliyong'olewa kwenye bawaba, ikalazwa juu ya masanduku na kumwagiwa mchanga. Mto ulikuwa uzi wa sufu wa buluu.

Mwamuzi alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, mzee wa Kilimanjaro aliyestaafu shirika la reli na kuondoka na filimbi yake ya kazi. Kila alipoipuliza, watu watatu au wanne walitazama nyuma kuona kama treni inakuja. Zawadi ilikuwa mche mzima wa sabuni, uliowekwa juu ya sahani na kufunikwa kawa, kwa sababu siku zile kuuacha wazi kungekuwa kuwajaribu watu waadilifu bila sababu.

Nusu fainali ya kwanza iliwakutanisha wapagazi wawili wa sokoni, mmoja akiongoza Wajerumani na mwenzake akiongoza Majimaji. Haikumalizika. Kila dadu ilipomwangusha mpiganaji wa Majimaji, mwenye jeshi alimsimamisha tena.

"Ameuawa huyo, bwana!"

"Ameuawa na nini? Risasi imegeuka maji."

"Mwamuzi!"

Balozi akauliza kama katika sheria zangu kulikuwa na kifungu kuhusu dawa. Hakikuwapo. Mpagazi akachota kopo la maji bombani, akawanyunyizia askari wake, akamnyunyizia mpinzani wake, na mwishowe akamnyunyizia balozi. Wote wawili wakatolewa, mmoja kwa kosa na mwingine kwa sababu alikuwa amelowa. Nusu fainali nyingine, iliyokuwa yangu na fundi, ilivunjika bila mshindi kuku waliporuka mezani wakala ngao za mstari wangu wote wa mbele. Usiku uleule nikaongeza kifungu cha arobaini na nne: kuku si silaha.

Hivyo fainali ikabaki kuwa kati ya mimi na fundi, Wangoni na Wahehe, Jumapili baada ya chakula cha mchana. Ua ulijaa. Wapo waliokaa juu ya ukuta. Mama mmoja wa Kizaramo, aliyekuwa akipika vitumbua kwenye pembe ya ua wetu na kuviuza barabarani, alihamisha jiko lake karibu na meza ili asikose kitu, na moshi wake ukawa sehemu ya vita.

Nilikuwa nikishinda. Nalisema hili bila majivuno. Nilikuwa nimesoma jinsi jeshi linavyozunguka kwa pembe, mfano wa ng'ombe, na pembe yangu ya kushoto ilikuwa imekwisha kuvuka uzi wa buluu. Palitokea ubishi mdogo, kwa kuwa sheria ilipima mwendo kwa shubiri bila kusema shubiri ya nani, na kiganja cha fundi kilikuwa kama koleo. Balozi akaagiza mapumziko ili aazime futi kwa fundi cherehani wa jirani.

Tuliporudi mezani, jemadari wangu hakuwapo.

Nilikuwa bado nikimtafuta chini ya meza niliposikia kilio kutoka ukumbini. Fundi alitokea amejitanda kanga ya mkewe kichwani, akijipigapiga kifua.

"Uwiii! Uwiii! Jamani, Wangoni wamefiwa!"

Mkononi alikuwa na kisanduku cha kiberiti. Akakisukuma taratibu kikafunguka. Ndani, juu ya pamba, alilala jemadari wangu, unyoya kifuani, ngao imegeuzwa kichwa chini.

Balozi akavua kofia. "Amekufaje?"

"Kwa tamaa, balozi. Ameona panya ng'ambo ya mto, akamfuata bila kuaga jeshi."

Ua ukaangua kicheko. Mtu akaleta jamvi. Mama wa vitumbua akaacha kijiko chake na kuuliza kwa huzuni, "Ameacha wajane wangapi?"

"Saba, mama. Na wote wamekataa kurithiwa na mwalimu."

Kisha fundi akaenda chini ya mpapai, akachimba kishimo kwa kisu chake cha soli, akakiweka kile kiberiti pembeni, na kwa kuwa kaburi lilikuwa dogo mno mtani mzima kuingia, akaingiza mguu mmoja. "Sitoki!" akatangaza. "Mwenye maiti alipe, ndipo tuzike. Sitoki mpaka nipate changu!"

Kitumbua kimoja kingetosha. Nalijua hilo sasa, na nadhani nililijua hata wakati ule. Mama wa vitumbua alikuwa amekwisha kukichukua kimoja kwa uma na kuninyooshea. Lakini mimi niliitazama pembe yangu ya kushoto, iliyokuwa ng'ambo ya mto bila kiongozi, nikafungua daftari.

"Kifungu cha ishirini na tatu," nikasoma. "Mchezaji atakayemgusa askari wa mwenzake nje ya zamu yake atahesabiwa ameshindwa."

"Mwalimu," akasema fundi, mguu ukiwa kaburini, "marehemu hana zamu."

Watu wakacheka tena, na kicheko kile kikaniingia vibaya. "Huu ni upuuzi!" nikapaza sauti. "Hapa tunafundisha historia! Mtu asiyejua hata kusoma sheria anaweza kuharibu kazi ya miezi miwili kwa ujinga wake!"

Vicheko vikakatika, nami nikadhani ni kwa heshima. Fundi akautoa mguu wake shimoni, akaupangusa vumbi, akavua kanga na kuikunja vizuri.

"Samahani, ndugu mwalimu," akasema.

Balozi akakisoma kifungu cha ishirini na tatu mara tatu, akitumaini huenda kitabadilika. Hakikubadilika. Akapuliza filimbi kinyonge na kunikabidhi sahani yenye sabuni. Nilirudi chumbani nikiwa bingwa.

Kesho yake asubuhi nikamkuta fundi bombani. Akaweka ndoo yake chini, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, ndugu mwalimu."

Msomaji akumbuke kwamba alikuwa mkubwa kwangu. Sikuweza kuitikia marahaba, na sikuweza kukaa kimya. Nikasema, "Aa, fundi, vipi, na panya je?" Akajibu kwamba hajawaona, ila kama wananisumbua anaweza kuniazima mtego. Akanipisha nichote maji kwanza.

Ndivyo ilivyokuwa siku baada ya siku. Nyumba nzima ikaniheshimu. Nikiingia uani wanawake waliokuwa wakicheka walinyamaza na kunipa kigoda. Nilimpelekea fundi viatu vyangu kabla hata havijachakaa. Vikarudi siku ileile, soli imara, rangi imepakwa bure. Nikatia mkono ndani ya kiatu cha kulia, nikapekua ncha yote. Nikapekua na cha kushoto. Hapakuwa na kitu. Nilikaa kitandani nimeshika viatu viwili vitupu, na kwa mara ya kwanza nikaelewa nilichokuwa nimekipoteza. Wiki ya tatu balozi akanidokeza kwamba fundi ameanza kuulizia chumba Ilala.

Nilifanya alichoweza kufanya mtu aliyesoma: niliandika barua. Ilikuwa ya kurasa mbili, yenye aya zilizopewa namba, na aya ya tano ilikiri kosa moja kwa moja. Fundi akaipokea kwa mikono miwili. "Nimeipata, ndugu mwalimu. Ahsante." Akaitunza vizuri chini ya kopo la gundi.

Mama wa vitumbua aliyaona hayo yote kutoka jikoni kwake. Aliniita kwa kijiko.

"Njoo hapa. Umempa barua?"

"Ndiyo, mama. Nimemwomba radhi."

"Mtu amekufanyia msiba, wewe unamfanyia ofisi! Umesoma mpaka umepotea?" Akageuza vitumbua vitatu kwa mkupuo. "Maiti yako ipo pale mpapaini mpaka leo. Nimeifunika kwa sahani kuku wasiile. Haijazikwa. Unataka mwenzio akutanie vipi na wewe hujamaliza matanga?"

"Sasa nifanye nini?"

"Mnyang'anye na yeye. Ana nini anachokipenda?"

Nikafikiri. Fundi alikuwa na jozi moja ya viatu vyake mwenyewe, vya ngozi ya kahawia, alivyovishona akiwa bado Iringa. Alifanyia kazi barazani, mtaani, miguu mitupu, navyo vikikaa chini ya benchi lake vimeelekea barabara, kama ishara ya duka.

"Niachie hilo," akasema mama.

Jumamosi asubuhi alikwenda barazani na mabeseni mawili badala ya moja. Katika la kwanza mlikuwa na vitumbua. La pili lilifunikwa kitambaa, na alilichukua, alinieleza kwa ukali, ili asije mteja akasema vitumbua vyake vinanuka soksi. Fundi alipoinama kuchagua kitumbua kikubwa, mama akainama upande wa pili. Dakika chache baadaye nilikuwa na viatu vya kahawia chumbani kwangu, katika boksi la majani ya chai lililofungwa kitambaa cheupe.

Nilitaka kupita mlango wa mbele na kufika barazani kwa hatua ishirini. Mama akakataa katakata. Msiba, alisema, hauvuki ukumbi kama mtu anayekwenda kuazima chumvi. Akanifunga kanga kichwani, nikatoka uani na kuzunguka mitaa, boksi begani, nikilia.

Kulia kwenyewe kulinishinda mwanzoni. Nilitoa sauti ya kukohoa. Nyuma yangu mama alipiga kikaango kwa kijiko na kunong'ona, "Lia kama mtu! Unasahihisha daftari?" Nikajitahidi. Sasa, Kariakoo maiti haipiti peke yake. Anayekutana nayo huacha shughuli zake, hutia bega, hubeba hatua chache, kisha humwachia mwingine. Jambo hili sikulifikiria. Mvuta mkokoteni akasimamisha mzigo wake wa vitunguu na kuvua kofia. Mzee mmoja wa kanzu safi akatoka dukani, akalipokea boksi begani mwangu kwa upole, akatembea nalo.

"Pole, mwanangu," akasema. "Marehemu ni nani wako?"

Sijapata kusema uongo mbele ya mzee. "Ni viatu, mzee."

Akalihamishia boksi bega la pili.

"Vyeusi au vya kahawia?"

"Vya kahawia."

"Basi," akasema, "hivyo huwa haviugui muda mrefu." Akampisha mtu mwingine abebe, naye akabaki katika msafara mpaka mwisho.

Tulipokata kona ya baraza la fundi tulikuwa watu kama ishirini, na mvuta mkokoteni alikuwa ameamua kuja na vitunguu vyake. Fundi alikuwa ameinama, midomo imebana misumari. Akainua macho.

"Uwiii!" nikapiga ukelele, na safari hii ulitoka sawasawa. "Jamani, Wahehe wamefiwa! Wawili kwa siku moja! Wa kulia na wa kushoto!"

Fundi akatazama chini ya benchi. Akanitazama mimi, kanga yangu, boksi, mzee wa kanzu, vitunguu. Akaanza kuitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akiipanga juu ya benchi, na katika maisha yangu sijaona misumari mingi kiasi kile.

"Wamekufaje?" akauliza mwishowe, kwa sauti kavu.

"Wamesongwa na mkia wa mbwa. Niliwaambia waanzie kichwani."

Kitu kikatikisika kwenye shavu lake. Akasimama kuja kulichukua boksi, lakini jua lilikuwa limekwisha kuichoma barabara, na alipokanyaga akaruka mguu huu, akaruka mguu ule.

"Tazameni!" nikasema. "Mfiwa anacheza ngoma!"

"Lete viatu vyangu!"

"Mwenye maiti alipe kwanza. Sisi tumetoka mbali."

"Naungua!"

"Hatuziki mpaka tulipwe!"

"Ewe mla panya!" akanguruma fundi, akirukaruka, machozi ya kicheko yakimtiririka. "Mla panya mkubwa! Mnyang'anyi wa Songea! Umeniua!"

Nimewahi kusifiwa na wakuu wa shule na kupongezwa kwa maandishi. Hakuna maneno yaliyopata kunipendeza kama hayo.

Mchana ule tulimzika jemadari chini ya mpapai. Fundi aliingiza mguu kaburini, nami nikampa kitumbua chake, akautoa. Kisha nikalipa faini ya kukasirika: niliuleta ule mche wa sabuni, balozi akaukata kwa waya vipande sita, kipande kwa kila chumba, na kingo zilizobomoka akapewa mzee wa kanzu, ambaye hadi leo sijui alitoka duka gani. Balozi akapuliza filimbi, watu wakatazama nyuma. Fainali haikurudiwa. Wangoni na Wahehe wakabaki kama walivyoachwa na babu zetu, bila mshindi.

Habari ya chumba cha Ilala haikusikika tena. Jumatatu, nikiwa nimesimama mbele ya kidato cha pili, nikieleza sababu za vita, kidole gumba changu cha kulia kikaguswa na kitu kidogo, kigumu, chenye ncha. Nikanyamaza katikati ya sentensi. Wanafunzi walidhani nimesahau somo.

Ninawahimiza vijana wasome sheria, na ninawahimiza zaidi wajue ni wapi zinapaswa kufungwa na kuwekwa chini ya kopo la gundi. Hilo sikulipata kwenye kitabu. Nililifundishwa na mtu mmoja, na kwa kuwa nimeahidi kutomtaja mtu hapa kwa jina alilopewa na wazazi wake, nitamtaja kwa lile ambalo mtaa mzima ulimwita: Mama Vitumbua.